Kumsaidia Mwanajeshi Aliyejeruhiwa: Anza na Nauli ya Mkewe

Gari la kaka yangu lilikanyaga bomu la kutegwa barabarani huko Somalia, miaka kadhaa baada ya KDF, jeshi la Kenya, kuvuka mpaka Oktoba 2011. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo watu huniuliza familia kama yetu isaidiwe vipi, na jibu langu huwashangaza: kabla ya unga na blanketi, ulizia nauli.

Matibabu ya mwanajeshi hushughulikiwa na jeshi. Lakini wifi yangu, aliyebaki Gilgil, ndiye aliyekuwa akipanda matatu kila wiki kwenda hospitali ya jeshi ya Forces Memorial, Nairobi. Watoto kwa jirani, kibanda cha mboga kimefungwa. Siku hizo nani anazilipa? Chama chetu kilimtumia M-Pesa kila Alhamisi jioni, wala hatukupiga simu kuuliza kama imefika. Kushukuru kila wiki nako kunachosha.

Halafu kuna mguu wa bandia. Wafadhili hudhani ukishanunuliwa, basi. Kigutu hunywea miezi ya mwanzo, soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachoshika kigutu, inalegea, ngozi inachubuka. Nimemwona kaka akivaa soksi tatu juu ya kigutu ili mguu ukae, na bado akichechemea. Mkichangisha pesa, wekeni akiba ya soketi inayofuata, msizimalize zote siku ya hafla. Na picha muombe ruhusa jamani! Kaka alijikuta kwenye Facebook ya mheshimiwa mmoja, suruali imekunjwa, kigutu nje.

Wajane nao wana shida yao. Baada ya al-Shabaab kushambulia kambi ya KDF huko El Adde, Somalia, 15 Januari 2016, zipo familia zilizokaa muda mrefu bila kujua kama mtu wao yu hai, na idadi ya waliokufa imebaki ubishi. Mjane hufuatilia cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kesi ya urithi mahakamani. Kama unazijua ofisi hizo, msindikize asubuhi moja. Kwa maoni yangu hilo linapita gunia la mchele.

Hujui wa kumsaidia? Wake wa wanajeshi wana umoja wao, MWAK. Wao ndio wanaojua nani amekwama.

Ukienda kumwona majeruhi mwenyewe, usimuulize bomu lililipukaje. Kaka yangu ni shabiki wa Ingwe, timu ya soka ya AFC Leopards. Mtajie tu Gor Mahia, mahasimu wao, chai itapoa mkibishana.