Maduka ya Mombasa yasiyofanana na mengine

SWALI: Mwezi ujao nitakwenda Mombasa arusini, nami nitakuwa na nusu siku ya kutembea. Ni maduka gani yanayouza vitu ambavyo sitavipata katika maduka makubwa ya kawaida? – Msomaji, Arusha

JIBU: Anzia Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso (yaani khanga) yamepangana pande zote mbili, likiwemo lile la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na linalojulikana zaidi kwa chapa yake ya “Mali ya Abdulla”. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado havijatenganishwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ifunue yote, usome jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kisha utazame kama rangi ya pindo haikuvuja kuingia kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, kwa kuwa uchapaji mbovu hujionyesha hapo kwanza. Kama ni zawadi ya mama mkwe, jihadhari na majina ya mafumbo! Mafundi cherehani wa mtaani watakukatia na kukupindia papo hapo.

Kutoka hapo si mbali kufika soko la Marikiti, kwenye maduka ya viungo. Omba kupasua iliki moja: mbegu zikiwa nyeusi na zenye harufu kali, nunua, zikiwa zimepauka, pita. Halwa na udi utavipata Mji wa Kale, lakini usiende Ijumaa adhuhuri, kwani wenye maduka wengi hufunga kwa ajili ya swala.