Bob Dylan: mwasi au mtu wa mfumo?

Ndugu yangu, unasema Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani, haitwi mwasi kwa sababu ana Nobeli ya Fasihi na mwaka 2020 aliwauzia kampuni ya muziki ya Universal haki za nyimbo zake. Hayo ni ya uzeeni. Mtazame Mei 1963, kijana wa miaka 21. Ameitwa kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, nafasi ambayo wanamuziki wa Marekani waliililia. Wakubwa wa CBS, kampuni iliyorusha kipindi hicho, wakamwambia wimbo wake wa kuwakejeli wapinga ukomunisti wa chama cha John Birch Society hauimbwi, achague mwingine. Akakataa, akaondoka zake. Mtu anayetafuta ulaji hafanyi hivyo! Agosti mwaka huohuo akasimama Washington, kwenye maandamano ya haki za raia, akaimba juu ya kuuawa kwa Medgar Evers, mpigania haki za Wamarekani weusi.

Ila tuseme ukweli wote: santuri zake zilitolewa na Columbia, kampuni iliyokuwa mali ya CBS hiyohiyo. Hakuwahi kuwa nje ya mfumo kwa maana hiyo.

Kwangu mimi, uasi wake ulikuwa wa kukataa kuamriwa na yeyote, hata na wenzake. Wanaharakati walipotaka awe msemaji wao aliwakwepa, na 1965 alipanda jukwaani kwenye tamasha la muziki wa folk la Newport na gitaa la umeme badala ya lile la kawaida walilolizoea, baadhi ya wasikilizaji wakamzomea. Na hiyo Nobeli unayoitaja, Desemba 2016 hakwenda Stockholm kwenye hafla. Mwimbaji Patti Smith ndiye aliyeimba wimbo wake pale.