Kumpima kocha wa ulinzi wa NFL: anza na tundu analoliacha wazi

Sisi tuliokulia kwenye soka tukifika Marekani huja na hukumu ya haraka: timu imefungwa pointi nyingi, basi ulinzi mbovu, kocha aondoke. Kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ubao wa matokeo unadanganya. Ulinzi una kocha wake maalumu, na washambuliaji wa timu yake wakipoteza mpira karibu na mstari wao wenyewe, atahesabiwa pointi ambazo si zake.

Mimi huuliza kwanza: huyu amekubali kuumia wapi? Wachezaji ni 11 na uwanja ni mpana, kwa hiyo lazima pabaki tundu. Kocha mzuri hulichagua mwenyewe. Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Philadelphia Eagles, huwaweka walinzi wawili nyuma kabisa ili asipitwe kwa pasi ndefu, na zile fupi anakuachia. Kwa haraka utadhani amepaki basi. Kumbe anamtega kwotabeki, yule mrusha pasi wa wapinzani: ukitaka kufika mwisho wa uwanja kwa vipasi, utapiga vingi bila kukosea, na wengi hukosea njiani.

Mpango huo una bei yake. Septemba 2024 Atlanta Falcons walibakiwa na chini ya dakika mbili, wakatembea yadi 70 na kuwafunga Eagles 22-21. Kabla mwezi haujaisha Tampa Bay nao wakawachapa Eagles 33-16. Mashabiki wa Philadelphia, ambao subira si fani yao, walishaanza kupiga kelele. Wiki kama hizo ndizo za kumkagua kocha: anabadilisha nini? Baada ya wiki ya mapumziko, mlinzi chipukizi Cooper DeJean alipewa nafasi ya kuanza, na timu ikashinda mechi 10 mfululizo.

Jicho la kocha kwa wachezaji nalo lipime. Zack Baun alitoka New Orleans Saints akiwa mtu wa kujaza nafasi. Fangio akamhamishia katikati, na msimu huohuo akachaguliwa kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa msimu katika ligi nzima. Hiyo ni kazi ya kocha, huwezi kuisingizia bahati.

Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025 ilikuwa darasa. Fangio hakutuma mlinzi wa ziada kumkimbilia Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, hata mara moja, na bado Mahomes aliangushwa mara 6. Eagles 40, Chiefs 22.

Lakini punguza sifa kidogo. Wale wanne wa mbele walikuwa na uwezo wa kumfikia kwotabeki bila msaada, na waliowaleta ni uongozi wa klabu. Saquon Barkley, mkimbiaji wa Eagles, naye alikimbia yadi 2,005 msimu ule. Mpira ukiwa mikononi mwake, walinzi wamekaa benchi wanakunywa maji.

Ukiweza, tazama marudio ya kamera ya makocha, ile inayoonyesha wachezaji wote 22. Kamera ya kawaida hufuata mpira, kwa hiyo walinzi wa nyuma huwaoni kabisa, na uamuzi mkubwa wa kocha uko kwao.

Rekodi ya Fangio ya kushinda 19 na kupoteza 30 akiwa kocha mkuu wa Denver Broncos, 2019 hadi 2021, iache pembeni. Kuongoza timu nzima ni kazi nyingine, na Philadelphia hawakumwajiri kwa hiyo.