Kabla ya Kusema Maziwa Hayatoki, Angalia Mtoto Alivyoshika Titi

Mama anayeacha kunyonyesha wiki za mwanzo mara nyingi hutoa sababu moja: maziwa hayatoki. Mara nyingi maziwa yapo. Kasoro iko mdomoni mwa mtoto, maana ameshika chuchu peke yake. Anavuta hapati kitu, mama anaumia, chupa inaletwa, na titi lisilonyonywa linapunguza kutengeneza maziwa. Mwili hutengeneza kadiri maziwa yanavyotolewa.

Wakati wa ujauzito huna haja ya kusugua chuchu wala kuzivuta eti zikomae. Kusugua huondoa mafuta ya asili yanayolinda ngozi, na sabuni huikausha, maji yanatosha. Lililo muhimu zaidi ni kumwambia mkunga mapema kwamba unataka mtoto alazwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, akishazaliwa, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza, akisaidiwa. Kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti, una ugonjwa wa tezi ya shingo, au unatumia dawa za kudumu, liseme hilo kliniki kabla ya kujifungua.

Siku za mwanzo hutoka dang'a: maziwa mazito, ya manjano, matone machache tu. Usiyakamue ukamwaga. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hutoshwa na kama mililita 5 hadi 7 kwa mnyonyo mmoja, yaani kijiko kimoja cha chai. Dang'a ina kinga nyingi, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cha kwanza cheusi kinachonata kama lami.

Sasa namna ya kumweka. Kaa umeegemea, mgongo na mkono vikiwa na mto wa kuvitegemeza. Mgeuze mtoto tumbo lake liguse lako. Sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja, asilazimike kugeuza shingo ili anyonye. Pua yake iwe mkabala na chuchu, si mdomo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha ngoja. Ngoja kweli, mpaka apanue mdomo kama anayepiga miayo. Hapo mlete haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mlete yeye kwenye titi, wewe usimwinamie, utaumia mgongo na titi litachomoka. Shika mabega na shingo yake, usimsukume kisogo, kwani atajitupa nyuma.

Akishika vizuri, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mwanzoni hunyonya haraka haraka, kisha hubadilika: kidevu kinashuka, kinatulia kidogo, unasikia anameza. Ukisikia mlio wa kubofyabofya, au mashavu yanabonyea ndani, hajashika vizuri.

Kuuma kidogo sekunde za mwanzo ni kawaida siku hizi za kwanza. Maumivu yanayoendelea hadi mwisho si ya kuvumilia. Ingiza kidole kidogo safi pembeni mwa mdomo wake, kati ya fizi, uachishe, uanze upya. Rudia mara tatu au nne ikibidi. Akiachia, tazama chuchu. Ikiwa imebanwa bapa, au imechongoka upande mmoja, ilikuwa inasagwa kwenye kaakaa gumu. Chuchu huchanika hivyo, na hakuna krimu itakayoiponya kama mtoto anaendelea kushika vilevile.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Usisubiri alie, akianza kulamba midomo au kupeleka ngumi mdomoni, tayari ana njaa. Anayelala mno mvue nguo, mbadilishe nepi, mwamshe. Wiki za kwanza asipitishe muda wa saa tatu bila kunyonya. Usiku wa pili watoto wengi hutaka titi karibu kila saa, na hapo ndipo mama wengi hukata tamaa. Mtoto anaita maziwa kwa kunyonya huko. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5.

Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu nepi. Kuanzia siku ya 5, tarajia nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku, na choo kiwe kimegeuka cha manjano. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini uzito wa kuzaliwa urudi kufikia wiki mbili.

Maziwa yakijaa kwa ghafla titi huwa gumu kama jiwe na mtoto hushindwa kulishika. Kamua kidogo kwa mkono: kidole gumba juu na vingine chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuburuza vidole kwenye ngozi. Sehemu ya mbele ikilainika, mpe titi, na baada ya hapo weka kitambaa cha baridi. Pakiwa na sehemu nyekundu inayouma pamoja na homa, endelea kunyonyesha na umwone daktari. Ukiacha ghafla maziwa hutuama na jipu linaweza kufuata.

Mtoto asiyeamka kunyonya, anayezidi kuwa wa manjano, au mwenye nepi kavu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na kabla ya kuruhusiwa kutoka ulikojifungulia, mwombe mkunga akae akutazame unavyonyonyesha, tangu mtoto anaposhika mpaka anapoachia mwenyewe. Kuulizwa tu kama ananyonya hakutoshi.