Uliza Bibi wa Magomeni: baraza, Kota na mita moja ya LUKU

Wajukuu zangu, barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za kwetu Magomeni. Nimezaliwa hapa, upande wa Makuti, mwaka 1956. Nyumba niliyozaliwa ndiyo ninayolala mpaka leo, ila mlango wa mbele haupo tena. Mtaona huko chini umekwenda wapi.

Shikamoo bibi. Nimetoka Mbeya, nimepanga chumba Makuti B. Kila nyumba ya zamani ninayoingia ni ileile: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Nani aliwapa ramani moja? Halafu mwenye nyumba wetu anataka kuvunja baraza aweke fremu za biashara. Sisi wapangaji tuna la kusema?

Marahaba mjukuu wangu, karibu mjini. Hiyo ndiyo nyumba ya Kiswahili, na ramani yake fundi alikuwa nayo kichwani. Anapitisha korido kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, anakata vyumba pande mbili, basi. Jiko, choo na bafu vinakaa uani ili moshi na harufu visilale na watu. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo, juu makuti. Baadaye yakaja matofali ya saruji na bati.

Korido hiyo ina hesabu yake. Kila chumba kina mlango wake, kwa hiyo kila chumba ni kaya. Mwenye nyumba anabaki na chumba cha mbele, vilivyobaki anapangisha, na hiyo kodi ndiyo pensheni yake. Mama yangu alifiwa na mume akiwa bado kijana, na sisi watoto wanne tumesoma kwa kodi ya vyumba vinne na vitumbua.

Mitaa yetu imenyooka kwa sababu viwanja vilipimwa. Mkoloni alikuwa ameugawa mji: Wazungu pwani kule Oyster Bay, Wahindi katikati, Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama uzio, ng'ambo yake ndiyo Kariakoo ya Waafrika. Kariakoo ilipofurika watu baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanja vikapimwa upande wa pili wa bonde la Msimbazi, ndiyo sisi. Jirani zetu wa Manzese walijijengea wenyewe, ndiyo maana ukiingia ndani ndani kule hutoki bila kuuliza njia. Mwalimu Nyerere naye aliishi huku siku za chama cha TANU, kabla ya Uhuru. Nyumba yake ipo Mtaa wa Ifunda, sasa ni makumbusho. Nenda Jumamosi moja ukaione, si mbali na kwako.

Na jambo moja vijana hamlijui. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Maghorofa ya Uhindini yakachukuliwa. Za kwetu za vyumba sita hazikufika bei hiyo, zikabaki mikononi mwa kina mama na wazee wetu. Umaskini nao una siku zake za kufaa.

Sasa baraza. Kwetu palikuwa na baraza la saruji, refu kama mkeka wa arusi. Saa kumi na mbili asubuhi mama alishaweka karai la vitumbua. Mchana wazee walikaa na bao. Jioni muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, anatua, watu wanakunywa na kashata huku wakimaliza mambo ya dunia nzima. Mgeni asiye wa ndani alipokelewa pale pale, akapewa maji, hakuingia korido.

Mwaka 2009 nililivunja mwenyewe. Nisikudanganye, hela ilinishinda. Chumba cha mbele na baraza vikawa fremu mbili, ya kwanza saluni, ya pili sasa ni ya wakala wa kutuma pesa. Fremu moja inaniingizia kodi kuliko vyumba vitatu vya ndani. Ila mlango ulihamia uchochoroni, na hapo ndipo nilipokosea. Korido ile ilikuwa ikivuta upepo kutoka barabarani mpaka uani. Nilipoiziba mbele, nyumba ikawa tanuri. Mwezi wa Januari wapangaji wangu wanalala uani na vyandarua. Dada yangu alipofariki, turubai tuliliweka katikati ya barabara, bodaboda zinapita kwenye miguu ya wafiwa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: baraza ni mali ya mwenye nyumba, kulizuia huwezi. Lakini nendeni wapangaji wote pamoja, kwa adabu, mwombeni fremu iwe upande mmoja tu na mlango wa korido ubaki mbele. Mkishindwa, aweke japo matundu juu ya ukuta. Mwambieni bibi wa gazetini ndiye aliyewatuma.

Bibi, Magomeni maana yake nini?

Gome ni ganda la mti, ukiongeza -ni unapata mahali penye magome. Na tusijivune sana, maana Magomeni ipo Bagamoyo na nyingine ipo Unguja. Atakayekuletea hadithi ndefu ya jina hili kana kwamba ni letu peke yetu, mpe kiti akae, mchekee, usiandike.

Shikamoo bibi. Baba anadai alizaliwa Magomeni Kota, kwenye nyumba ya chini yenye mpapai mlangoni. Mimi nikipita naona maghorofa matupu. Ananichota? Msomaji wa Tegeta.

Marahaba. Hakuchoti hata kidogo. Kota zilikuwa nyumba za serikali za wafanyakazi, za chini, safu kwa safu. Watu walikaa humo mpaka wakastaafu, wakazikana, wakaozeshana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakatolewa, nyumba zikavunjwa, na kiwanja kikalala miaka na miaka kinaota majani. Kaya zilikuwa 644. Huyu akaenda Mbagala kwa mwanawe, yule Gongo la Mboto, wengine walikufa wakisubiri. Maghorofa unayoyaona yalijengwa na Wakala wa Majengo, TBA, na Rais Samia akayazindua Machi 2022. Zile kaya 644 ndizo zilizorudishwa.

Shoga yangu mmoja ni katika hao, amepewa juu kabisa. Nilimtembelea wiki ya kwanza. Maji yanatoka ukutani, choo ndani, dirishani unaona mpaka Jangwani. Nikamuuliza, samaki utakaangia wapi? Akacheka, akanionyesha jiko la gesi. Lakini kila alasiri anashuka na lifti, anakuja kwangu uani na mchele wake kwenye ungo, tunachagua mawe pamoja. Anasema kule juu jirani yake anamjua kwa sauti ya kitasa tu.

Baba yako akiwa na nguvu mlete hapa. Kuhusu mpapai, kila kota ilikuwa na mpapai au mwarobaini, kwa hiyo huo sitaapa ndio wake.

Bibi, mama alikuwa akitutisha: "Utafuata mdundiko wewe!" Mdundiko ni kitu gani hasa? Msomaji wa Morogoro.

Ni ngoma ya Wazaramo, wenye mji huu. Inapigwa kwa mwali anayetolewa au kwa arusi, na haitulii mahali pamoja, inatembea mtaani. Ngoma mbele, kina mama wamejifunga kanga kiunoni, vumbi, na nyuma watoto kama kumbikumbi. Hapo ndipo penye balaa. Mtoto anatumwa chumvi dukani, anaisikia ngoma, anaingia nyuma. Inapokoma yuko Kigogo, giza limeingia, chumvi imo mkononi na njia haijui. Mimi niliokotwa Mwembechai nikiwa na miaka saba. Mama hakunipiga usiku ule, alinipiga asubuhi, nilipokwisha kushiba.

Shikamoo bibi. Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, vyumba sita, tunachanga sawasawa. Mimi nina taa na feni. Chumba cha pili ana friji na anauza barafu. Nikisema naonekana mchoyo. Nifanyeje?

Marahaba. Huna uchoyo, una hesabu. Dawa ya kweli ni mita ndogo za ndani, fundi umeme anamfungia kila mtu yake, mwisho wa mwezi mnasoma na kugawana. Hela ya mita ikiwa haipo, fanyeni kama kwangu, tunahesabu kwa vifaa. Taa na feni ni fungu moja. Televisheni inaongeza fungu. Friji mafungu matatu, na la biashara manne. Pasi ni Jumapili tu, na heta ya maji haiingii kwenye nyumba yangu. Karatasi imebandikwa ukutani koridoni, na mwenye zamu ya kununua umeme anaandika namba za uniti mbele ya mashahidi.

Usiliseme hilo uani mbele ya wateja wake. Mgongee mlango usiku, kaa, salimia watoto, ndipo utoe karatasi. Na kama atakubali, mnunulie barafu mbili, kesho joto litakuwa kali.