Kwa nini twasema "saa mbili kamili"?

SWALI: Mwalimu, kazini kwetu wengi husema "saa mbili juste", lakini binti yangu amefundishwa shuleni kwamba kwa Kiswahili sanifu ni "saa mbili kamili". Mimi nilijua kwamba kitu kamili ni kile kisichopungukiwa. Imekuwaje neno la kutimia litumike kutaja usahihi, na asili yake ni wapi? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Ndugu msomaji, maana uliyoijua ndiyo ya msingi, na hii ya saa imezaliwa nayo. Kamili limetoka katika neno la Kiarabu kāmil, ambalo mzizi wake, k-m-l, hubeba dhana ya kutimia. Ndiyo maana tuna pia kukamilika, kukamilisha na ukamilifu. Kwa kuwa ni la kukopa, halipokei viambishi vya ngeli: twasema kopo zima na makopo mazima, lakini kopo kamili na makopo kamili.

Jinsi kutimia kunavyozaa usahihi huonekana vizuri sokoni. Muuza unga anapojaza kopo, kisha akapitisha kiganja juu ya ukingo wake, huhakikisha mambo mawili kwa mpigo mmoja, kwamba hakuna kilichopungua na hakuna kilichozidi. Hesabu nayo ni hivyo hivyo. Qurani, katika aya ya 233 ya sura ya pili, inapotaja akina mama kunyonyesha watoto wao miaka miwili, hulitumia neno hilohilo kuonyesha kwamba miaka hiyo ni ya kutimia yote. Na anayesema "miaka miwili kamili" amekwisha kukanusha mwaka mmoja na miezi kumi, na vilevile miwili na nusu.

Katika kutaja saa, neno hili limepata mahali pake barabara. Saa mbili kasorobo bado inadai dakika 15. Saa mbili na robo imekwisha kuzidi kwa dakika hizohizo. Saa mbili kamili haidai wala haikuzidi.

Linalonipendeza zaidi ni kwamba Waarabu wenyewe, wanapotaja saa, kwa kawaida hawasemi kāmil bali tamāman, neno la mzizi uleule uliotupatia timamu, tunapomtaja mtu mwenye akili timamu. Tena, sifa yao ya kitu kilichopimwa kwa usahihi, daqīq, ambayo pia humaanisha kitu chembamba au kidogo sana, ina ndugu yake daqīqa, ambaye kwetu ni dakika. Waswahili waliyapokea maneno haya yote, wakayagawia kazi kwa namna yao wenyewe.

Juste nalo lina safari inayofanana na hiyo, kwani Kifaransa kililirithi kutoka neno la Kilatini justus, lililohusu haki na sheria kabla ya kuhusu saa. Katika mazungumzo ya kazini sioni ubaya wa kulitumia, mradi wote mnaelewana; katika maandishi ya Kiswahili, hata hivyo, ninashikilia kamili, kwa sababu tunalo na linatosha.

Ila lisitumiwe kila mahali. Jibu kamili ni lile lisiloacha sehemu yoyote ya swali, na laweza kuwa na makosa. Jibu lisilo na kosa ni jibu sahihi. Anwani kamili ni yenye namba, barabara, mtaa na komini. Lakini ukitaka kujua ni wapi mtu anasimama, uliza mahali hasa, wala si mahali kamili.

Na ukimwandikia mtu wa Kinshasa kuhusu mkutano, taja pia saa ni za wapi, kwa kuwa saa mbili kamili asubuhi ya Lubumbashi ni saa moja kamili kwake.