Tairi moja mpya kwenye Legacy wagon

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadilisha tairi moja tu kwenye Subaru Legacy yako. Hapana, usifunge moja mpya ukaacha tatu zilizolika, hata kama muuzaji anakuambia saizi ni ileile. Legacy inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na tairi iliyolika mzunguko wake ni mdogo, kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Tofauti hiyo, kwa otomatiki ya gia nne, inabebwa na klachi iliyo nyuma ya giaboksi, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma: inateleza na kuchemka safari nzima mpaka inaungua. Subaru wenyewe wanataka mizunguko isipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe tairi katikati ya kashata, yaani pale panapokanyaga barabara, upepo ukiwa sawa kwenye zote nne.

Gari langu lilinifundisha. Nikikata kona kali kuingia getini, nyuma linagoma na kudunda kana kwamba nimesahau handibreki. Fundi alitaka kushusha giaboksi. Nikafunga tairi nne za aina moja, nikabadilisha oili ya giaboksi, likatulia.

Ukipata pancha njiani na spea ni ile nyembamba, otomatiki nyingi za zamani zina kitundu cha fyuzi chini ya boneti kilichoandikwa FWD, yaani kusukuma kwa magurudumu ya mbele. Chomeka fyuzi hapo, nguvu inabaki mbele tu mpaka ufike kwa fundi wa tairi. Ukishafika, ichomoe. Za gia za mkono hazina kitundu hicho.